Mtumbwi wa Rubisi na Maji Moto ya Bi Mwanahalima

Watu wa hapa Omurushaka husema mama yangu, Bi Mwanahalima, alikuwa mkaidi. Waseme, midomo ni yao. Mimi Shufaa, bintiye wa pekee, nasema alikuwa mkaidi kweli, na ukaidi wake ndio uliotutoa kwenye baridi.

Enzi hizo za Mdachi Waislamu tulikuwa nyumba chache tu, wachuuzi wa nguo na chumvi, na wengi wetu wazee wetu walitoka pwani. Pwani mtu anaoga alfajiri huku anaimba. Huku Karagwe alfajiri ni ukungu mtupu, na mwanamke anayetakiwa kuoga josho ndipo asali, anashuka kijitoni meno yakigongana. Nilipotoka arobaini ya uzazi wa mwanangu wa kwanza nilioga maji yale, nikaanguka homa hadi majirani wakaanza kunong'ona mlangoni. Mama akakaa kando ya kitanda changu akasema, "Basi. Hapa patakuwa na maji moto, wapende wasipende."

Utaniuliza, si mngechemsha chungu? Chungu kinaogesha mmoja. Wanawake tulikuwa wengi na alfajiri haimngoji mtu.

Marehemu baba, aliyekuwa mfanyabiashara wa misafara, alituachia sufuria kubwa ya shaba ya kupikia wapagazi, na rundo la mitutu ya magobore yaliyooza vitako. Mama akamwita Kabyemera, mhunzi Mnyambo wa Bugomora. Kabyemera akaitazama ile mitutu, akacheka.

"Mae, mama, kwa bunduki hizi unataka kumpiga nani?"

"Baridi," mama akamjibu.

Akaikata mitutu nyuma palipozibwa, ikawa mabomba. Sufuria akaifunika kwa bamba la shaba na kulipigilia misumari pande zote. Bomba la maji baridi likaingilia chini, la maji moto likatokea juu na kupenya ukuta hadi bafuni, na mwisho wake likatiwa kizibo cha mti. Bomba la tatu lilisimama wima, refu kuliko yote, mvuke upate pa kutokea. Bila hilo sufuria ingetupasukia usoni. Viungo vyote Kabyemera aliviziba kwa magome na nta. Tulipowasha moto mara ya kwanza, nta ya upande wa moto ikayeyuka, maji yakamwagika yakazima kuni, na mhunzi wetu akaruka kama mbuzi. Mama akamletea risasi za baba. Akaziyeyusha, akazibia viungo vya moto kwa risasi, na havikuvuja tena.

Kilichokosekana ni chombo cha kuweka maji juu, yashuke yenyewe hadi kwenye sufuria. Pipa la chuma hatukuwa nalo. Kabyemera akatuletea mtumbwi wa baba yake, ule wanamokanyagia ndizi za kukamua rubisi, pombe ya huku. Tuliusugua kwa mchanga na majivu mpaka viganja vikachubuka. Tukauchoma ndani kwa nyasi kavu, tukauanika juani, tukausugua tena, ndipo tukaupandisha kwenye jukwaa la miti, juu kuliko sufuria.

Hapo ndipo kizaazaa kilipoanza. Abdulrahim, mwenye duka la nguo na ndiye aliyetusalisha, alikuja akasimama uani.

"Mwanahalima, mtumbwi huo umekunywa pombe tangu ulipochongwa. Maji yake ni najisi. Atakayeoga humo hana josho, na sala hana."

"Nimeuosha, nimeuchoma, nimeuanika," mama akasema. "Kanzu yako ikiingia najisi, huwa unaifua au unaitupa?"

"Kanzu si mti."

"Na wewe si Mungu."

Abdulrahim akaondoka amevimba. Waume wa nyumba nyingine wote wakawakataza wake zao. Wake wenyewe, wanafiki wakubwa, wakawa wanapita mbali na uzio wetu huku wakiutamani moshi. Tukaoga sisi wawili tu, mama na mimi, na nilikasirika hata maji yenyewe yasininogee.

Wa kwanza kuja alikuwa Bi Mwaja, mama mzazi wa Abdulrahim. Alikuja mchana kweupe, na fimbo yake, akapita mbele ya duka la mwanawe makusudi. "Mwanangu anaogopa mti," akatuambia. "Mimi naogopa baridi." Tangu siku hiyo kila Ijumaa alikuwa wetu.

Masika ilipoingia, Bi Mwaja akashikwa na kifua, hakuinuka tena. Alituita. Abdulrahim alikuwa amekaa miguuni pake.

"Nikifa, mnioshe kwa maji yenu ya moto," akasema. "Baridi ya nchi hii inanila mifupa tangu niletwe bibi harusi. Sitaki inisindikize kaburini."

Abdulrahim alisikia kila neno. Akatazama ukuta.

Alifariki asubuhi. Abdulrahim akaagiza maji kijitoni. Mama akaagiza maiti iletwe bafuni kwetu, na wanawake wakaibeba, mke wa Abdulrahim akiwa mbele. Yule bwana akatufuata hadi mlangoni.

"Nakukataza, Mwanahalima. Huyo ni mama yangu."

"Ni mama yako, na wasia ni wake," mama akasema, akafunga mlango kwa komeo.

Mwanamke huoshwa na wanawake. Mwanamume hana njia ya kuingia humo. Mama akachomoa kizibo, akachanganya maji na ya baridi ya mtumbwi huo huo, akayapima kwa kifundo cha mkono kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Tukamwosha Bi Mwaja polepole, kuliani kisha kushotoni. Nililia sana. Nilimpenda bibi yule kuliko shangazi zangu. Tukamvika sanda, tukawafungulia wanaume.

Wakaliweka jeneza uani, wakapanga safu. Abdulrahim akasimama mbele, lakini hakuinua mikono kuanza sala. Alisimama tu, na watu wakaanza kutazamana. Mama akatoka mlangoni, macho mekundu kwa kilio.

"Abdulrahim, mama yako ameoshwa kwa maji ya mtumbwi, mwanzo hadi mwisho. Kama ni najisi, basi hajaoshwa, na maiti asiyeoshwa hasaliwi. Mchukue ukamfukie hivyo hivyo. Kama ni maji, msalie. Ila kwanza useme."

Mzee mmoja akaguna kwamba mwanamke hasemi mbele ya jeneza. Mama hakumgeukia hata. Alikuwa anamtazama Abdulrahim, naye alikuwa anaitazama sanda. Nilimchukia mtu yule, lakini wakati ule nilimwonea huruma.

"Ni maji," akasema.

"Wa safu ya nyuma hawajasikia," mama akasema.

"Ni maji!" Sauti ikamkatika. Akajifuta uso kwa kilemba, akaelekea kibla, akainua mikono akamsalia mama yake.