Maganda ya Kunguni

Asubuhi hii, katika nyumba ya wageni, nimeponda kunguni kwenye mshono wa godoro. Harufu yake, tamu na ya kuchefua, imenirudisha kijijini Mugoma, uani kwa mwanamke aliyetupokea mimi na mama tulipokimbia vita.

"Kambini hamwendi," alimwambia mama siku ile. "Mtoto aniite shangazi."

Siku ya tatu alitoa kitanda chake juani, akanipa mwiba nichokonoe viungo vya mbao, kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vyembamba. Walitoka kunguni wanene, mayai meupe, na maganda makavu kama makapi ya ulezi. Mama alikwisha kunifundisha kwamba kunguni hujivua ganda kila anapokua. Maganda mengi namna ile hayapatikani kwa siku tatu.

"Shangazi, hawa ni wa zamani," nilisema, nikamwonyesha maganda kiganjani mwangu.

Aliyatazama. Alijua.

Jirani akachungulia kutoka kwenye migomba. "Eh! Hata wewe msafi una kunguni?"

Shangazi alinipiga kiganja, maganda yakamwagika. Akacheka. "Wangu hawa? Wameletwa na wakimbizi. Leo leo wanakwenda kambini."

Mama alikunja mkeka wetu, akaufunga kwa kamba ya mgomba, akanisukuma mbele kidogo. "Mshukuru shangazi yako."

"Asante, shangazi."

"Haya, mwanangu," akajibu, huku akimimina maji ya moto kwenye viungo vya kitanda chake.