Kamati ya kanisa iliniambia nichome kitabu cha marabi wa Kiyahudi. Nilikataa, na bado nakataa

Wakuu, salamu kutoka Bungoma. Hii ilinipata mimi mwenyewe na sijaitia chumvi. Mwenye kutaka kunitukana amalize kusoma kwanza.

Mimi nauza mbegu na dawa za mifugo kwa agrovet moja Kitale. Weekend narudi Bungoma kwa familia, na kila Jumapili baada ya ibada nilikuwa naongoza Bible study ya wazazi.

Siku moja hapo Kitale, kwa jamaa anayetandaza vitabu vya mtumba, nikaokota kimoja cha Kiingereza. Mafundisho ya marabi wa kale wa Kiyahudi. Nilikisoma lunch hour zote za mwezi huo, kwa kaunta.

Bana, hao wazee wanabishana! Huyu anasema hivi, yule anasema la, na kitabu kinawaandika wote wawili, hata aliyeshindwa. Halafu wanafundisha kwa hadithi fupi za mfalme na watumishi wake, baba na mwanawe.

Nikajiuliza, si hivi ndivyo Yesu alivyofundisha? Watu walimwita Rabi. Sisi hatujawahi kuuliza marabi walikuwa wanaongea vipi.

(Kabla mtu hajakimbilia comments: najua mengi yaliandikwa baada ya Yesu, na najua hawamwamini kama sisi. Sijasema ni Biblia. Nasema inanisaidia kusoma Biblia.)

Sasa sikizeni.

Rafiki yangu Wanyonyi, wa Matulo, tumetoka mbali tangu shule ya msingi, alipoteza binti yake wa miaka tisa. Malaria.

Matangani kila aliyeingia alikuwa na mahubiri. "Mungu ana mpango." "Jikaze, wewe ni mwanaume." Mzee mmoja wa kanisa letu akamwambia, "Chunguza nyumba yako, labda kuna dhambi." Nilisikia kwa masikio yangu. Wanyonyi alikuwa anajibu tu amen, amen, macho makavu.

Kwa kile kitabu nilikuwa nimesoma kwamba ukiingia kwa mfiwa, usiseme neno kabla yeye hajasema. Marabi walilitoa kwa habari ya Ayubu, wale rafiki zake walioketi naye chini siku saba kimya. Ayubu nimemsoma mara nyingi. Hapo nilikuwa naruka.

Basi watu walipoondoka baada ya mazishi, nikaomba off ya siku tatu, nikaenda kwa Wanyonyi. Nikaketi chini. Alikuwa anapukuchua mahindi, nami nikapukuchua.

Siku ya kwanza, hakuna neno. Ya pili, hakuna.

Siku ya tatu mchana, mkono wake ukasimama, bado umeshika gunzi. Akasema, "Simiyu, aliniomba maji. Nikamwambia angoje nimalize simu."

Ndipo akalia. Nilimshika tu.

Jumapili nikafundisha hilo la kunyamaza, bila kumtaja Wanyonyi, na nikasema nimelitoa wapi. Wiki iliyofuata nikaitwa na kamati.

Pastor alianza polepole. "Brother Simiyu, tunasikia umeleta Uyahudi kanisani."

"Nimeleta kukaa kimya na mfiwa, Pastor."

Yule mzee wa matangani akagonga meza. "Hao ndio walimsulubisha Bwana! Kitabu kichomwe, na uombe msamaha mbele ya kanisa!"

Niliogopa, siwadanganyi. Mke wangu anaimba kwaya hapo. Watoto wangu wamebatizwa hapo.

Nikasema, "Mzee, Bwana mwenyewe ni Myahudi. Mama yake Myahudi, mitume Wayahudi. Sichomi. Na msamaha siombi. Aombe yule aliyemwambia mfiwa atafute dhambi kwake."

Nikamgeukia katibu, mama mmoja mpole. "Andika hilo kwa minutes. Andika mmenishinda, lakini neno langu libaki hapo."

Akamtazama pastor. Halafu akaandika.

Nikavuliwa uongozi, ikatangazwa mbele ya watu wote. Mke wangu alininunia wiki mbili. Lakini bado naenda kanisa lile lile, nakaa benchi ya tatu. Sitoki.

Wanyonyi aliposikia, alikuja na boda mpaka kwangu. "Sasa utanisomea mimi," akasema. Siku hizi tunakutana Jumamosi mchana kwake Matulo, watu saba, na yule katibu yumo. Tunasoma Injili, tunasoma marabi wanasemaje, tunabishana.

Jumamosi iliyopita Wanyonyi alisimama akasema rabi mmoja amekosea kabisa kuhusu mateso, akaeleza kwa nini. Tangu mazishi hakuwa amemtaja Mungu kwa mdomo wake. Siku hiyo aliongea nusu saa.

Nilichojifunza: Yesu ana kwao, na kumsikiliza vizuri ni pamoja na kusikiliza watu wa kwao. Imani yangu haijapungua hata kidogo. Imepata masikio.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye hoja alete, hata wa matusi karibu. Ila msininong'oneze inbox. Semeni hapa mbele ya watu, na nitawajibu hapa hapa.