Kanzu ya Maalimu Ndani ya Mfarishi

Nimeikatakata kanzu mpya ya maalimu wangu wa chuoni, tena huku napiga mluzi. Mama hushona nyumbani kwetu Likoni: kapu la mlangoni lina viraka vya kuungia mifarishi, la dirishani lina nguo za watu. Alipotoka, nikataka kummalizia mfarishi wa bibi harusi. Nikachota katika kapu la dirishani, maana kitambaa chake kilikuwa cheupe, kizuri. Nikaunga, nikautandika sebuleni usifiwe.

Mama akarudi pamoja na maalimu, aliyefuata kanzu yake ya Ijumaa.

“Bi Zuhura,” maalimu akasema taratibu, “tarizi ile ya shingo si yangu?”

Mama akautazama mfarishi, akanitazama mimi.

“Ni yako, maalimu. Jitande hivyo hivyo, na huyu atakushikia pindo mpaka msikitini.”