Mtunza bustani na mama asiyetaka kupita geti

Jua halijapanda juu ya paa la posta, na mtunza bustani ameshapiga magoti kwenye ukoka wenye umande, aking'oa magugu karibu na geti.

"Unasali au unapalilia?" mwenzake anayepita na toroli anamtania.

"Naunganisha," anajibu. "Mungu hachagui pa kusikilizia."

Wenzake humwita Mama Majani. Ameitunza bustani hii ya umma kwa miaka tisa, na miaka yote hiyo amemwomba mama yake mzazi aje kuiona. Mama huyo, ambaye zamani alikuwa yaya katika nyumba za wakubwa, hajawahi kukubali. Leo amekubali kufika getini tu.

Haraka ya binti ina sababu. Mama ana presha ya macho. Daktari amewaambia dawa itaupunguzia ugonjwa kasi, lakini nuru iliyokwisha kupotea hairudi.

"Nataka ayaone maua angali anaona," anasema Mama Majani. "Nikimsimulia kwa mdomo haitakuwa sawa."

Teksi inasimama. Mama anashuka, anashika nguzo ya geti, haendi mbele.

"Karibu ndani, mama."

"Nimeshakaribia. Hapa panatosha."

Zamani bustani hii ilizungushiwa uzio na ilikuwa ya familia za wakubwa. Yaya aliingia akisukuma kigari cha mtoto wa tajiri wake. Bila mtoto huyo, hakuwa na ruhusa. Siku moja ya mapumziko, mama alikuja na mtoto wake mwenyewe, wakaketi kivulini.

"Askari akaniuliza, mtoto wa nani huyu?" anasimulia mama. "Nikasema wangu, kwa furaha kabisa. Akatutoa."

Mtoto huyo ndiye Mama Majani. Yeye hamkumbuki askari. Anaukumbuka mgongo wa mama, na jinsi mama alivyokuwa akitembea haraka.

Baadaye uzio uling'olewa, halmashauri ikaweka kibao: Bustani ya Umma. Siku hizi wanafunzi hujisomea hapa, wagonjwa wa hospitali jirani huja kuota jua, na wasio na hata kibaraza nyumbani hupata pa kunyoosha miguu. Mama alipoambiwa habari hiyo aliuliza, "Umma ndio nani? Mbona mimi sijaitwa?"

Binti hambembelezi tena. Anarudi kupiga magoti, anaendelea kupalilia. Mama anakaza macho, kisha anakunja uso.

"Unakata vichwa tu. Mizizi inabaki."

"Mbona yanatoka, mama."

"Yanatoka wapi? Hebu sogea huko."

Anaiachia nguzo. Anaingia, anavua kandambili, anainama na kuvuta gugu zima pamoja na udongo wake. Ni baada ya kulitupa pembeni ndipo anapotazama alipo. Anakaa chini taratibu, nyayo zake zikiwa juu ya ukoka.

"Baridi," anasema hatimaye. "Nzuri."

Yule mwenzake wa toroli anaapa kwamba Mama Majani alipalilia ovyo makusudi. Mwenyewe anacheka, anasema hayo ni kati yake na Mola wake.

Ameshapata ruhusa ya msimamizi kupanda rehani, asumini na mchaichai kando ya njia, kuanzia getini hadi kwenye benchi la kivulini. Ataanza mvua zikianza. Anataka siku macho ya mama yakizimika, pua imwongoze hadi kwenye benchi.

"Naomba Mungu amwachie macho," anasema. "Lakini akiyachukua, mama asikose pa kuja."

Mama yake, aliyekwisha kushika gugu jingine, anasikia.

"Asumini uipande mbali na benchi," anasema. "Itanipigisha chafya, na mimi nitakuwa nakaa sana."