Mama kapimwa ubongo kwa njia mbili, majibu hayafanani

Wakuu, poleni na majukumu. Hili limenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na chumvi sijaongeza.

Nina mashine ya kukoboa mpunga Rujewa. Mama yuko Kalenga, peke yake. Siku hizi anasahau sufuria jikoni, na mimi akawa ananiita Festo. Kwetu hakuna Festo.

Nikaamua, kama ubongo umechoka namhamishia kwangu. Mama hataki hata kusikia.

Nikapata habari za watafiti hospitali moja Mbeya mjini, wanalinganisha njia mbili za kupima kemikali za ubongo kwa MRI, waone unavyozeeka. Hakuna sindano, unalala tu mashine inagonga gonga. Nikampeleka.

Sasa majibu. Njia ya kwanza inapima sehemu moja tu ya ubongo: kemikali inayoonyesha uzima wa seli iko chini kwa umri wake. Njia ya pili inapima sehemu nyingi kwa mpigo: karibu iko sawa.

Nikamuuliza mtaalamu, "Dokta, gunia moja unachoma bambo mara mbili kuchukua sampuli, unatoa mchele tofauti?"

Akacheka. Eti kila njia ina hesabu zake, na huu ni utafiti, sio cheti cha ugonjwa. Nikavurugwa zaidi.

Mama, ambaye tulikuwa tunamjadili kama hayupo, akauliza, "Umri wangu mmeandika ngapi?"

"Sitini na mbili, mama," dokta akajibu.

"Wee! Uhuru unakuja mimi nabeba mdogo wangu mgongoni!"

Dokta akaweka kalamu chini, maana umri waliomlinganishia sio wake. Mimi nikatamani ardhi ipasuke. Fomu ya kitambulisho chake nilijaza mimi. Nilichukua mwaka wangu nikatoa kumi na nane, si mimi ndo kifungua mimba wake?

"Mama, mbona hukunirekebisha?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Kabla yako nilizika wawili. Wa kwanza Festo. Wako pale nyuma ya nyumba."

Wakuu, pale nyuma ya nyumba nimecheza mpira utoto wangu wote.

Njia ipi ni sahihi mpaka leo sijui, na sufuria bado zinaungua. Ila habari ya kuhama sijaitaja tena.

Nilichojifunza: kabla hujampeleka mzazi apimwe kumbukumbu, kaa naye umuulize anakumbuka nini.

Nyie wenzangu, mama zenu mnawajua kweli? Karibuni, ila matusi niachieni, nimeshajitukana vya kutosha.