Nilimwambia Bibi Amesafiri

Mama yangu alipofariki, binti yangu alikuwa na miaka minne. Walikuwa wakilala kitanda kimoja na kula sahani moja. Mimi nilikuwa mtu wa kurudi jioni kutoka kwenye cherehani yangu Kariakoo na kuwakuta wamekwisha kuoga, wanacheka mambo yao. Siku ya msiba nilimpeleka mtoto kwa rafiki yangu Buguruni. Aliporudi, akakuta kitanda kimetandikwa na hakuna mtu.

"Bibi yuko wapi?"

Shangazi yangu akanikonyeza, nami nikasema, "Bibi amesafiri."

"Kaenda wapi?"

"Tanga."

Akaridhika. Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba ameridhika.

Baada ya hitima ndugu wakatawanyika, mume wangu akarudi mgodini alikoajiriwa. Tukabaki wawili nyumbani kwetu ghorofa ya tatu, mtaani Mchafukoge. Mbele ya mtoto sikulia. Nililia bafuni huku bomba likimwaga maji, kisha nikatoka nimenawa uso. Jioni nilipovua viatu hakuna aliyeniuliza siku imekwendaje, kama mama alivyozoea kuniuliza. Mume wangu alipiga simu, lakini mtandao wa kule ulikatika kabla sijafika kwenye lile nililotaka kusema, na alipopiga tena nikamwambia tuko salama.

Miezi miwili baadaye nikapata kazi ya kushona sare za shule moja Morogoro. Ilibidi niende siku mbili kuwapima wanafunzi. Jumamosi asubuhi, nikiwa nakunja nguo, nikamwambia binti yangu, "Jumatatu mama anasafiri kidogo."

Akaondoka. Baada ya muda nikasikia maji. Nilimkuta bafuni amejaza beseni, ameloweka viatu vyangu vyote, hadi vile vya harusi, na anavigandamiza chini kwa mikono miwili.

Nilimpiga kofi. Moja, mkononi, lakini nilimpiga. Hakulia.

"Sasa huna viatu," alisema. "Huwezi kwenda kwa Bibi."

Nikakaa sakafuni palepale kwenye maji, nikamvuta kwangu.

"Bibi hayuko Tanga. Nilikudanganya, mwanangu. Bibi aliumwa sana, akafa. Tukamzika."

"Atarudi lini?"

"Harudi."

"Hata Idi?"

"Hata Idi."

Akanitazama usoni. "Mbona wewe hulii?"

Nilifungua kinywa kumjibu. Kilichotoka ni kilio, kile nilichomficha tangu siku ya mazishi. Aliogopa kwanza, kisha naye akalia, ameshika shingo yangu kwa nguvu hata ikauma.

Sikusafiri Jumatatu ile. Shule wakakubali kunisubiri. Wiki nzima mtoto alikojoa kitandani, jambo alilokuwa ameliacha zamani. Aliuliza maswali yaleyale nikimsuka, tukishuka ngazi, mbele ya wateja. Bibi anakula nini? Anaona giza? Wewe utakufa? Nilimwambia sijui nilipokuwa sijui. Swali la mwisho ndilo lililonitoa jasho. Nilimwambia kila mtu hufa, ila mimi natarajia kumlea mpaka awe mkubwa.

Mwishowe nilikwenda Morogoro. Nilimwacha kwa jirani yetu wa mlango wa pili, mama wa Kihindi ambaye kwa miaka mitano tulikuwa tukisalimiana tu kwenye ngazi. Mtoto alilia nilipoondoka. Nilimwacha alie, nikamwambia nitarudi Jumatano, kabla ya chakula cha jioni.

Jioni ya kwanza nilipiga simu kutoka chumba cha wageni. Alikuwa ametulia. Alinisimulia chapati alizosukuma, akaniaga haraka kwa sababu katuni imeanza. Nilikaa kitandani na simu mkononi. Nilikuwa na mengi ya kusimulia: safari, watoto niliowapima, binti yangu kutulia. Nikapitia majina yote kwenye simu. La mama bado lilikuwepo. Nikaizima simu, nikanyoosha futi kamba yangu ya kupimia na kuikunja upya, taratibu.