Ovaroli za Aberdeen

Geeta Vadgama aliondoka Kisumu mwaka 1968, Wahindi wengi wa Kenya walipokuwa wakiwahi London kabla Uingereza haijawafungia mlango. Alifikia Thornton Heath, kusini mwa London, akapata kazi ya cherehani kwa Avtar, Singasinga ambaye duka lake Kisumu lilikuwa nyuma ya nyumba ya kina Geeta. Geeta alisema Kigujarati, Avtar Kipunjabi, basi wakazungumza Kiswahili, na wenzao kazini wakawachukulia kama ndugu.

Walishona ovaroli za wafanyakazi wa mitambo ya mafuta kule Aberdeen, Uskochi. Miaka mingi kazi haikukatika. Mwanzoni mwa 1986 bei ya mafuta ikaporomoka. Mji ule ulikuwa ukiishi kwa mafuta tu. Sasa magazeti yakasema mitambo inasimamishwa na watu wanapoteza nyumba.

Geeta akapata nafasi kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali moja huko Croydon. Alipoaga, Avtar alimvutia kiti.

"Dada Geeta, ukiondoka wewe wataondoka wote. Nivumilie mpaka kiangazi. Aberdeen wataagiza tena, nimeongea nao mwenyewe."

"Una hakika?"

"Ningekudanganya wewe?"

Akaikataa ile kazi. Tena akamshawishi Margaret, Mkenya wa Maseno aliyeshona karibu naye, akatae kazi yake mpya ya kutunza wazee.

Mwezi Mei dereva wa lori akawaambia huo ndio mzigo wa mwisho. Wateja walikuwa wamemjulisha Avtar tangu Januari kwamba hawataagiza tena. Jumatatu iliyofuata walikuta mlango una kufuli jipya na cherehani hazimo.

Geeta alimfuata nyumbani. Avtar alifungua mlango nusu, akamjibu kwa Kiingereza kama anayemjibu mpita njia: ilibidi oda imalizike ndipo auze mashine.

"Sema Kiswahili," Geeta alimwambia. "Uliponiomba nibaki, ulisema Kiswahili."

Avtar alifunga mlango.

Hospitalini nafasi ilikuwa imeshachukuliwa. Geeta alikaa karibu mwaka mzima nyumbani, kisha akaajiriwa kusafisha ofisi. Asubuhi moja akamkuta Margaret kwenye basi, akaketi kando yake.

"Ulijua?" Margaret aliuliza.

"Sikujua. Hata mimi alinidanganya."

"Avtar sikuwahi kumwamini, Geeta. Nilikuamini wewe."

Margaret alibonyeza kengele, akashuka kituo ambacho hakikuwa chake.